Alama za Hisia Zinapolinganishwa: Majibu kwa Wasomaji wa Dodoma, Singida na Kondoa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya saikolojia hapa Dodoma. Nikiwa napitia maandiko kwa ajili ya tasnifu yangu nimekutana na tafiti za Marekani zinazotumia dodoso la ugumu wa kumudu hisia, lile lenye kauli 36, kwa watu wazima walio wachache kwa mwelekeo wa kimapenzi au kwa utambulisho wa kijinsia, yaani wapenzi wa jinsia moja, wapenzi wa jinsia zote mbili, na watu ambao jinsia wanayojitambulisha nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Tafiti hizo zinasema kwamba wastani wa alama zao uko juu kuliko wa watu wengine. Msimamizi wangu ameniuliza swali lililonikwamisha: nitajuaje kwamba tofauti hiyo imo ndani ya watu na si ndani ya dodoso? Naomba pia ushauri kama ninaweza kulitumia dodoso hilo kwa Kiswahili katika mkoa wetu. (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mshukuru msimamizi wako, kwa sababu swali alilokuuliza lilipaswa kuulizwa kabla ya tafiti nyingi za aina hiyo kuchapishwa, na mara nyingi halikuulizwa.

Dodoso unalolitaja lilitungwa na Kim Gratz na Lizabeth Roemer, likachapishwa mwaka 2004. Watunzi hao walikataa dhana kwamba anayemudu hisia zake ni yule asiyezionyesha au anayezizima. Kwao, kumudu hisia ni kuzitambua, kuzielewa na kuzikubali, kisha kuweza kuendelea na shughuli na kujizuia hata wakati moyo umechafuka. Ndiyo maana kauli 36 zimegawanywa katika vipengele sita: kutozikubali hisia zako mwenyewe (kauli 6), kushindwa kuweka akili kwenye kazi unapokuwa umeumia (kauli 5), kushindwa kujizuia (kauli 6), kutozipa hisia zako usikivu (kauli 6), kuamini kwamba ukishaumia hakuna namna ya kujinasua (kauli 8), na kutoelewa hasa ni kitu gani unachohisi (kauli 5). Kila kauli hujibiwa kwa alama 1 hadi 5, hivyo jumla huanzia 36 na kuishia 180, na kadiri jumla inavyopanda ndivyo ugumu unavyohesabiwa kuwa mkubwa zaidi. Kauli 11, zikiwemo zote sita za usikivu, zimeandikwa kwa upande chanya, na alama zake hugeuzwa kabla ya kujumlishwa. Hakikisha umefanya hivyo, maana kosa hilo huharibu kazi nzima bila mwenyewe kugundua.

Waliojibu kauli hizo kwa mara ya kwanza walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu mjini Boston, zaidi kidogo ya 350. Vipengele sita vilitokana na namna wanafunzi hao walivyojibu, na hakuna sababu ya kudhani tangu mwanzo kwamba watu wenye maisha tofauti na yao wataoanisha kauli hizo kwa namna ileile. Mtu aliyewahi kununua mahindi katika soko la Kibaigwa anajua kwamba gunia la rumbesa na gunia lililoshonwa sawasawa yote huitwa gunia moja, na kwamba anayelinganisha mavuno ya wakulima wawili kwa idadi ya magunia, bila kuuliza yamejazwaje, humdhulumu mmoja wao. Katika takwimu, kuuliza gunia limejazwaje huitwa kuchunguza usawa wa kipimo baina ya makundi, na kazi hiyo hufanywa kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza huuliza kama katika makundi yote mawili kauli hukusanyika katika vipengele vilevile. Ya pili huuliza kama kila kauli ina uzito uleule katika kipengele chake, yaani kama ni ishara yenye nguvu sawa kwa kundi hili na lile. Ya tatu, ambayo ndiyo inayokuhusu zaidi, huuliza hivi: tukimchukua mtu mmoja kutoka kila kundi, na wote wawili wakawa na ugumu wa kiwango kilekile, je, watachagua jibu lilelile? Kama mmoja huelekea kuchagua 4 pale mwenzake anapochagua 3, ilhali ugumu wao ni sawa, basi tofauti ya wastani baina ya makundi yao inabeba kitu kingine kisicho ugumu huo. Ni pale tu ngazi ya tatu inaposimama ndipo wastani unapoweza kulinganishwa kwa haki. Watafiti wengi hutumia kigezo kilichopendekezwa na Cheung na Rensvold mwaka 2002, kwamba CFI, yaani kiashiria cha jinsi majibu yanavyolingana na mpangilio wa vipengele unaodhaniwa, kisishuke kwa zaidi ya 0.01 unapopanda kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Ikiwa kauli chache tu ndizo zinazokosa usawa, si lazima utupe dodoso lote: tangu mwaka 1989 imekubalika kuziacha kauli hizo zitofautiane baina ya makundi na kulinganisha kwa kutegemea zile zilizobaki, mradi mwandishi aseme wazi ni kauli zipi na kwa nini.

Sasa usiishie kwenye namba. Kaa na kauli zenyewe, uwafikirie watu wanaozijibu. Chukua kipengele cha kuamini kwamba ukishaumia utabaki hivyo kwa muda mrefu. Kwa mtu ambaye huzuni yake imetokana na jambo linalopita, imani hiyo ni ugumu wa kumudu hisia, na mshauri anaweza kumsaidia aione kuwa si kweli. Kwa mtu ambaye kila mwezi anahofia kufukuzwa katika nyumba aliyopanga au kukataliwa na ndugu zake, kusema kwamba maumivu hayatakwisha upesi kunaweza kuwa ni kusoma mazingira yake kwa usahihi. Wote wawili watazungushia jibu lilelile, na dodoso litawapa alama ileile. Kipengele cha kutozikubali hisia nacho kina tatizo la namna hiyo, kwa kuwa kinauliza kuhusu aibu na hatia anayoisikia mtu kwa sababu ya kuumia kwake. Aliyekuzwa akiambiwa kwamba mapenzi yake ni fedheha anaweza kuijibu aibu ile ya zamani badala ya aibu inayoulizwa. Na yule aliyelazimika tangu ujana kujichunga katika kila neno na kila mtazamo anaweza kuonyesha usikivu mkubwa sana kwa yanayotokea moyoni mwake, ilhali usikivu huo ni tahadhari ya mtu aliye hatarini na haumletei utulivu wowote. Haya ndiyo mambo ambayo hesabu za usawa wa kipimo hujaribu kuyanasa, na mtafiti asiyeyafikiria mapema hatajua kuyasoma yakijitokeza.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani kwamba tofauti yote ni kosa la kipimo. Kuna sababu nzuri za kuamini kwamba sehemu kubwa yake ni ya kweli. Ilan Meyer alieleza kwa upana mwaka 2003 jinsi watu wa makundi haya wanavyobeba mzigo wa ziada juu ya shida za kawaida za maisha: kubaguliwa, kutarajia kubaguliwa, kujificha, na kuanza kujichukia wenyewe. Mark Hatzenbuehler akaongeza mwaka 2009 hoja ya jinsi mzigo huo unavyoingia mwilini na akilini, na uwezo wa kumudu hisia ni moja ya njia alizozitaja: mtu anayejizuia na kujichunga mchana kutwa huchoka, na akichoka hana nguvu iliyobaki ya kutuliza moyo. Yeye na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 2008, kwa kuwafuatilia vijana kwa muda, kwamba ugumu wa kumudu hisia ulichangia kueleza kwa nini waliovutiwa na watu wa jinsia yao walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na wasiwasi. Hoja yangu ni kwamba jambo lenye uzito kiasi hiki, linalogusa maisha ya watu, halistahili kuthibitishwa kwa kipimo ambacho hakijakaguliwa.

Yapo mambo mengine matatu ya kuangalia katika makala unazozisoma. Watu wa kundi hili si wamoja: mwanamke anayependa wanawake, mwanamume anayevutiwa na jinsia zote mbili na mtu aliyebadili jinsia wanaishi maisha tofauti, na kuwamwaga wote katika safu moja kwa sababu tu sampuli ni ndogo huficha mengi. Namna walivyopatikana ina uzito wake pia, kwa kuwa anayejibu tangazo la mtandaoni kwa kawaida ameshakubali kujitambulisha, na aliyejificha hayumo. Tazama vilevile umri, kwa maana vijana kwa kawaida hupata alama za juu kuliko wazee, na kundi moja likiwa na vijana wengi kuliko jingine utalinganisha umri ukidhani unalinganisha kitu kingine.

Kuhusu kipengele cha usikivu, tafiti nyingi zimekuta kwamba hakishikamani vizuri na vile vitano vingine, hata kwa watu wasio wa makundi haya. Mwaka 2016 yalitoka matoleo mafupi matatu: mawili yenye kauli 18, yanayobakiza vipengele vyote sita, na moja lenye kauli 16 ambalo limekiacha kipengele hicho kabisa. Mimi ningekushauri uripoti usikivu peke yake na usiuingize katika jumla.

Ama kulitumia kwa Kiswahili mkoani kwetu, inawezekana, lakini kwa awamu, na awamu ya kwanza iwahusu watu wazima wa kawaida bila kuuliza mwelekeo wao. Tafsiri ifanywe na watu wawili wasioshauriana, irudishwe katika Kiingereza na mtu wa tatu asiyeliona dodoso la awali, kisha keti na watu wa Chamwino, Bahi na mjini, mmoja mmoja, uwaombe wakueleze kwa maneno yao walichoelewa katika kila kauli. Kazi hii ni ya polepole, nayo ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Chunguza hasa machaguo ya majibu, kwa kuwa dodoso la awali linafafanua alama kwa asilimia ya mara ambazo kauli humhusu mtu: 1 ni kati ya 0 na 10, 2 ni 11 hadi 35, 3 ni 36 hadi 65, 4 ni 66 hadi 90, na 5 ni 91 hadi 100. Mkulima wa Bahi anaweza kukueleza kwa ufasaha jinsi hasira inavyomshika, lakini asiwe na mazoea ya kuipima hasira kwa asilimia. Mjaribu kwa kumuuliza ni mara ngapi katika kila mara kumi anazokasirika, uone kama majibu yanatulia. Zingatia pia kwamba kwa wazee wengi wa vijijini Kigogo ndiyo lugha wanayosemea mambo ya moyoni.

Sehemu ya ulinganishi wa makundi ifanye kwa data za Marekani ambazo wenyewe wameruhusu zitumike. Usikusanye hapa nchini orodha ya watu wa kundi hilo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kwa matendo ya jinsia moja adhabu inayoweza kufikia kifungo cha maisha, na dodoso lenye jina, namba ya simu au hata mtaa wa mtu linaweza kumletea madhara ambayo tasnifu yako haiwezi kuyafidia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana wewe kama inavyoibana taasisi yoyote, na kamati ya maadili itakuuliza maswali haya haya. Jiulize wewe kwanza.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mwanangu yuko Marekani kwa masomo, naye ameniambia kwa simu kwamba yeye ni wa watu hao wanaopenda jinsia yao. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Binti wa jirani alinisomea katika simu yake kwamba watafiti wamewapima wakakuta wana matatizo ya hisia kuliko wengine. Je, huo si uthibitisho kwamba hali hiyo ni ugonjwa wa akili, na kwamba nimtafutie tiba? (Mzazi, Singida)

JIBU: Mama yangu, pole kwa kukosa usingizi, na asante kwa kuuliza kabla ya kuchukua hatua.

Vipimo hivyo havithibitishi hilo. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, na katika toleo la orodha hiyo lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, hali ya mtu kujitambua kwa jinsia tofauti na aliyoandikiwa nayo ikaondolewa katika sura ya magonjwa ya akili. Hakuna tiba ya kumbadilisha mwanao iliyothibitishwa kufanya kazi, na wanaozitangaza huwaumiza vijana.

Alama alizokusomea binti ni wastani. Wastani wa kundi ukiwa juu haumaanishi kila mmoja yuko juu. Wengi wa kundi hilo wana alama zinazofanana na za jirani zao. Halafu fikiria chanzo. Watu waliopigwa au kunyanyaswa utotoni nao hupata alama za juu katika dodoso hilohilo, wala hatusemi kwamba kupigwa utotoni ni ugonjwa wa yule aliyepigwa. Tunauliza nani alimpiga, na atasaidiwaje sasa.

Kuna jambo moja ambalo liko mikononi mwako kweli. Utafiti uliofanyika California chini ya Caitlin Ryan na kuchapishwa mwaka 2009 uliwauliza vijana wazima wa miaka 21 hadi 25 jinsi familia zao zilivyowatendea walipokuwa wadogo. Kwa waliokataliwa sana na familia, uwezekano wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua ulikuwa zaidi ya mara nane ya ule wa waliokataliwa kidogo au ambao hawakukataliwa. Huhitaji kubadili imani yako wala kukubali kila anachosema ili umpigie simu jioni hii, umuulize kama amekula, na umsikilize. Kama analala vibaya au ana huzuni isiyoisha, mhimize amwone mshauri wa chuo chake kwa ajili ya huzuni hiyo. Msaada wa aina hiyo upo na umejaribiwa: mwaka 2015 John Pachankis na wenzake walichapisha matokeo ya ushauri wa vipindi kumi kwa vijana wa kiume wa kundi hilo, uliowafundisha kukabiliana na ubaguzi na kumudu hisia zao, na waliopata ushauri huo walipungukiwa na dalili za sonona ikilinganishwa na waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Ushauri huo haukulenga kubadili mapenzi yao.

Na wewe pia, mama, tafuta mtu mmoja mwenye siri wa kuzungumza naye. Mzigo wa namna hii hauachwi kwa mzazi peke yake.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya, na nilihudhuria mafunzo ambako tulipewa lile dodoso la kauli 36. Nilimpa mteja mmoja ambaye aliniamini na kunieleza kwamba ni wa kundi hilo linalofichwa. Alipata 128. Je, nimwandikie rufaa ya kwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa alama hiyo? Na katika faili niandike nini? (Muuguzi, Kondoa)

JIBU: Nzuri, dada yangu. Kwamba mtu amekuamini kiasi hicho ni heshima, na barua yako inaonyesha unaijua.

Dodoso hili halina alama ya mpaka ambayo mtu akiivuka anahesabiwa mgonjwa. Lilitungwa kupima ukubwa wa ugumu, na rufaa haiandikwi kwa 128 wala kwa 160. Rufaa huandikwa kwa hali ya mtu: hatari ya kujidhuru, kushindwa kula na kulala, kushindwa kujihudumia, kuchanganyikiwa. Kuhusu kujidhuru, dodoso halimuulizi, kwa hiyo muulize wewe kwa mdomo na kwa maneno ya wazi kama amewahi kutamani kufa, kama anawaza hivyo sasa, na kama ana kitu alichopanga kukitumia. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake siku hiyo, na hapo Mirembe au daktari wa hospitali ya wilaya ahusishwe bila kusubiri.

Kama hayuko hatarini, rudi kwenye karatasi na uitazame kipengele kwa kipengele, kwa sababu 128 ya mtu mmoja si 128 ya mwingine. Mwenye alama nyingi katika kushindwa kujizuia anahitaji mbinu za kupita dakika za kwanza za hasira: kupumua taratibu, kuondoka mahali pale, maji baridi usoni. Asiyeelewa anachohisi anahitaji muda wa kuzungumza na mtu asiyemhukumu, na mara nyingi hilo tu humpunguzia mengi. Mwenye alama za juu katika kuamini kwamba hatajinasua mwulize kinachoendelea nyumbani na kazini kwake, kisha kaeni pamoja mtenganishe yaliyo ya kweli na yale ambayo hofu imeyakuza. Ikiwa yupo mtu anayemtishia, tatizo la kwanza la kushughulikia ni usalama wake. Umpe dodoso tena baada ya wiki kadhaa, ulinganishe alama zake na zake mwenyewe, wala si na za watu wa Boston. Kwa mtu mmoja unayemfuatilia, hayo ndiyo matumizi ninayoyaamini zaidi.

Katika faili andika dalili, ulichomshauri na tarehe ya kurudi. Alichokueleza kuhusu mapenzi yake hakihitajiki ili mwenzako wa zamu ya usiku amhudumie vizuri, basi kisiandikwe, si kwa kifupisho wala kwa alama ya siri, kwa maana vifupisho huulizwa maana yake. Karatasi ya dodoso usiiache ndani ya faili ikiwa na jina lake. Nakili alama za vipengele sita kama namba tu, na karatasi yenyewe uichane mbele yake ili aone. Ukilazimika kumpa rufaa, mwambie kabla ya kuandika ni maneno gani yatakuwemo katika barua, na umwachie nafasi ya kukataa neno lolote linalomtia hofu.